Tumbo Nililoliona kutoka Juu

Picha ya kwanza niliyochora ya mimba yangu ilikuwa ya uongo. Nilikuwa wiki ya 16. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati, nikageuka ubavu, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu yake, mkao ule ule wa wanawake wa kwenye kalenda. Tumbo lilikuwa bado halijajitokeza, nikaliongezea kwa brashi. Uso nikaupa tabasamu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetapika mara tatu kwenye beseni la kufulia, na mume wangu alikwenda kazini bila chai kwa sababu harufu ya majani ilinichafua roho. Hayo hayakuingia kwenye picha. Kilichoingia ni nuru ya dirishani, na gauni la buluu ambalo hata silo langu.

Niliiegemeza ukutani nikaitazama siku mbili. Ilikuwa nzuri, na mteja angeinunua. Lakini kila nikiiangalia naona mwanamke aliyesimama mbali nami, mtu ninayempita njiani nikamwamkia. Mimba ilikuwa ndani yangu, na mimi nilikuwa nimeichora kama mpita njia.

Mimi ni mchoraji hapa Kisumu. Tunakaa Nyalenda, chumba cha kulala na kingine cha mbele ambacho ndicho karakana yangu. Mkate wangu unatoka kwenye kuta: nachora wanyama na herufi kwenye shule za chekechea, nachora mitindo ya nywele kwenye vinyozi, naandika mabango ya hoteli za samaki. Katikati ya kazi hizo nachora turubai zangu, nyingi zikiwa mashua za Dunga, ufuo wa wavuvi wa hapa kwetu, kwa sababu wageni wakishuka ziwani hupenda kurudi na mashua nyumbani. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka saba bila kuwaza sana rangi ninazozishika zinakwenda wapi zikitoka kwenye vidole.

Siku ya kwanza kliniki, baada ya kupimwa damu, uzito na presha, na baada ya kupewa kile kijitabu cha Mama na Mtoto pamoja na chandarua, muuguzi aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia nachora. Akaacha kuandika. “Rangi gani?” Nikamtajia: rangi ya mafuta kwa turubai, rangi ya glosi kwa mabango, tapentaini kwa kuzimua na kuoshea brashi. Akaniuliza kama chumba kina madirisha mangapi. Moja, nikasema, na huwa nalifunga nikichora kwa sababu ya vumbi la barabarani.

Hakunifokea. Alinieleza kwamba mvuke wa tapentaini ukivutwa kwa pua huingia mapafuni na kutoka hapo unafika kwenye damu, na kwamba baadhi ya rangi zina madini kama risasi na kadimiamu. Risasi ndiyo iliyonikaa kichwani. Ikiingia kwa mama, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ubongo wa mtoto ndio unaojengwa miezi hiyo. Nilirudi nyumbani kwa tuktuk huku nimekunja ngumi, kana kwamba rangi ilikuwa bado kwenye viganja.

Usiku huo nilipanga mirija yangu yote sakafuni nikasoma maandishi ya nyuma, yale madogo ambayo mtu hasomi. Nyeupe yangu ilikuwa ya titani, hiyo haikunitisha. Nyekundu niliyoipenda kuliko zote, ile ya machweo ya ziwani, ilikuwa ya kadimiamu. Niliziweka kwenye ndoo pamoja na tapentaini, nikamwita mchoraji mwenzangu wa kiume akaja kuzichukua kwa bodaboda. Nilibaki na rangi za maji na chupa chache za akriliki. Tangu siku hiyo dirisha lilikaa wazi, vumbi likaja na likae. Chai ikahamia chumba cha kulala. Na kile kitabia cha kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo, ambacho wachoraji wengi tunacho, nilikiacha kwa shida kuliko kitu kingine chochote. Dada yeyote anayeshika brashi na anatarajia mtoto, naomba aanzie hapo, kabla hajawaza atachora nini.

Basi nikawa na rangi chache na picha moja ya uongo. Kilichofuata kilianzia mdomoni.

Mwezi wa nne nilianza kutamani odowa. Wa kwetu wanaijua: lile jiwe laini la kijivu ambalo kina mama huliuza kwa vipande sokoni, na wajawazito hulitafuna. Ukiliona tu mate yanajaa. Lina harufu ya mvua ya kwanza inapopiga vumbi. Nilikuwa nalinunua Kibuye siku za Jumapili, soko likiwa limefurika hadi barabarani, na mara nyingi nilifika nyumbani kipande kimeisha. Nilikula kwa siri, kwenye mkoba, na mume wangu alikuwa anakuta unga wa kijivu kwenye shuka.

Kliniki walipima wingi wa damu yangu ikawa 9.8. Kwa mjamzito, chini ya 11 tayari ni upungufu. Muuguzi yule yule akanitazama akaniuliza moja kwa moja: “Unakula udongo, dada?” Nikakubali. Akanieleza kwamba mara nyingi hamu hiyo huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, lakini udongo haukupi chuma, unazuia hata kile kilicho kwenye chakula kisiingie mwilini, na unaweza kukuletea minyoo juu yake. Nikapewa dawa ya minyoo, nikasisitiziwa vile vidonge vya chuma na asidi ya foliki, nisivinywe na chai. Nikameza na zile tembe tatu za SP mbele yake, za kuzuia malaria, maana huku kwetu kando ya ziwa malaria haina msimu wa kupumzika.

Sikuacha odowa siku hiyo. Nasema kweli, iliniuma kuliko kuacha nyekundu yangu. Nilikuwa na vipande vinne kabatini na nilijua viko wapi hata nikiwa usingizini. Siku ya tatu nilivitoa nikaviweka mezani karibu na brashi, nikakaa navyo. Mkono wangu ukafanya kile ambacho umezoea kufanya na kitu chenye rangi. Nikachukua kipande, nikakilowesha, nikakisugua kwenye kitambaa.

Kiliacha alama. Kijivu cha jivu lililopoa, chenye weupe ndani yake.

Nikaloweka vipande vyote usiku kucha kwenye sufuria kuukuu. Asubuhi vilikuwa vimekuwa uji mzito. Nikauchuja kwa kipande cha leso iliyochakaa ili mchanga ubaki juu, nikachanganya na gundi nyeupe ya maseremala na maji kidogo. (Usiisage ikiwa kavu. Vumbi la mawe si la kuvutwa na mtu yeyote, seuze mwenye mimba.) Kitambaa cha amerikani nilikiwamba kwenye fremu, nikakipaka mara tatu, kila mara nikisubiri kikauke. Kilitoka kama ukuta wa nyumba ya udongo iliyosiribwa jana. Mikono ya nyanya yangu ilikuwa pale. Alisiriba nyumba yake kwa viganja, na alama za vidole vyake zilikaa ukutani hadi msimu mwingine wa mvua.

Nilikuwa nimepata mahali pa kuweka mimba yangu, lakini bado sikujua ninachora nini juu yake.

Jibu lilikuja Dunga. Nilikuwa wiki ya 28, nimekwenda kuchukua samaki kwa mama mmoja ninayenunua kwake, na mashua ilikuwa imechelewa kwa sababu magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo usiku yakaziba njia ya kuingilia. Nikakaa ukingoni mwa mtumbwi uliopinduliwa. Ndala yangu moja ikachomoka. Nikainama kuitazama, sikuiona. Sikuona miguu yangu. Nilichoona ni mabega mawili ya matiti, kisha mviringo mkubwa uliofunikwa na dera, kisha hakuna kitu. Palipoishia tumbo langu ndipo ziwa lilipoanzia. Na mbali kule, maji na mbingu zilikutana kwa mstari uliopinda vile vile.

Nilikaa pale hadi samaki wakanisubiri wao.

Mwenye mimba haoni mimba yake kwa ubavu. Tumbo la duara lililochongoka mbele, lile la kwenye kalenda, ni tumbo linaloonwa na watu wengine: mume, jirani, mpiga picha, kondakta anayekupisha kiti. Mimi ninayelibeba naliona kutoka juu, na kwangu si duara bali ni upeo. Ni kilima kilichozuka kati yangu na miguu yangu, kila wiki kikificha zaidi, na kuna mtu upande wa pili ambaye bado hajafika. Katika miaka yote ya kuchora sikuwahi kukutana na picha iliyochorwa kutoka pale macho yangu yalipo.

Nikaanza upya. Hakuna kioo, hakuna uso. Nilikaa kwenye kiti, nikainamisha kichwa, nikachora ninachokiona: vifua viwili pembeni vikikatwa na ukingo wa kitambaa, kitovu kilichojitokeza, ule mstari mweusi ulioshuka katikati, na juu ya yote ile nafasi tupu ambayo ingekuwa miguu.

Ukubwa wa picha niliupata kliniki. Kila ukienda, muuguzi anakulaza, anaweka ncha ya utepe kwenye mfupa wa kinena na kuuvuta hadi juu ya mfuko wa uzazi. Kuanzia wiki ya 20 hivi, sentimita zinakaribiana na wiki. Nilimwomba aniambie namba kila mara kwa sauti, na nikirudi nyumbani nilikata fremu ya urefu huo. Nikachora ya sentimita 28. Nikachora ya 30, ya 33, ya 36. Nilizipanga ukutani zikawa zinapanda kama ngazi. Nilijua ya mwisho itakuwa kubwa kuliko zote.

Haikuwa. Wiki ya 38 utepe ulisema 35. Nilishtuka nikadhani mtoto amesinyaa. Muuguzi akacheka kwa upole, akanishika mkono akauweka chini: kichwa kilikuwa kimeshuka kwenye nyonga, mtoto anajiandaa. Kwa hiyo picha ya mwisho ni ndogo kuliko iliyoitangulia, na katika ile, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi, nilichora ncha za vidole vya miguu. Zilikuwa zimeanza kuonekana tena.

Mama yangu hakuzipenda. Alikuja kutoka Seme mwezi wa nane na kuku wawili na unga wa mtama, akaingia chumba cha mbele, akasimama mlangoni. Alitazama ukuta muda mrefu.

“Nyathina,” akasema. Ananiita hivyo, mtoto wangu, kila jambo likiwa zito. “Mimba haichorwi.”

“Kwa nini, mama?”

“Kitu ambacho hakijafika hakitangazwi.”

Nilijua anachosema. Kwetu hata nguo za mtoto nilikuwa nimekatazwa kununua. Shangazi zangu walizungumza kuhusu tumbo langu bila kulitaja, kama watu wanaozunguka kisima usiku. Nilikuwa nimelichukulia jambo hilo kama ushirikina, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Lakini alikaa kitini akavua viatu, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari, na sikuyasema.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikumwambia. Nilikuwa nimesoma kwenye simu, usiku wa kukosa usingizi, habari za mchoraji wa Ujerumani, Paula Modersohn-Becker. Mwaka 1906 akiwa Paris alijichora kifua wazi, tumbo limejaa, mikono imelizunguka. Hakuwa na mimba siku ile. Alijichora nayo kabla haijaja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, alizaa mtoto wa kike, na siku 18 baadaye akafa ghafla, damu iliyoganda ikiwa imeziba mshipa. Alikuwa na miaka 31. Nami nilikuwa na 31. Nilizima simu nikalala nimeukumbatia mto, na asubuhi nilichora kwa mkono unaotetemeka. Kwa hiyo mama aliposema kisichofika hakitangazwi, sehemu yangu ilikuwa upande wake.

Nilichofanya ni kuzigeuza. Kila jioni nilipomaliza kazi nilizigeuza picha zikatazama ukuta, na asubuhi nikazigeuza tena. Mama alikaa wiki mbili. Hakuzungumzia tena.

Binti yangu alizaliwa alfajiri, na kwetu mtoto wa alfajiri hatafutiwi jina, saa yenyewe humpa. Kuhusu uchungu sina cha kuongeza kwenye yale ambayo kila mama anayajua. Ninachoweza kusema ni kwamba jicho la mchoraji halikulala. Nilipowekewa mtoto kifuani alikuwa amepakwa utando mweupe kama samli iliyoganda. Kitovu hakikuwa chekundu kama nilivyodhania. Kilikuwa cha rangi ya samawati iliyofifia, kimesokotwa, kinang’aa kama kamba ya nailoni iliyotoka majini. Na mkunga alipoliinua kondo la nyuma kwa mikono miwili kulikagua kama limetoka lote, mishipa ilikuwa imetawanyika juu yake kutoka shina moja, mti mzima wenye matawi. Wazee wetu huliita *biero*, na huzikwa nyumbani, ndiyo maana mtu akikuuliza kwenu ni wapi anakuuliza pia limezikwa wapi. Nilikuwa nimesikia neno hilo maisha yangu yote. Sikujua kama lina umbo la mti.

Siku za mwanzo ziliendelea kunipa rangi. Maziwa ya kwanza yalikuwa manjano, ya kiini cha yai la kienyeji. Kinyesi chake cha kwanza kilikuwa kijani kilichokolea hadi kikawa cheusi. Nilikuwa naziandika rangi hizo nyuma ya kijitabu cha kliniki, kwa kalamu ya wauguzi, nikidhani nikifika nyumbani nitazichora wiki hiyo hiyo.

Sikuchora kwa miezi miwili na nusu.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kuhusu mimba watu wana maneno mengi na picha nyingi. Kuhusu mwezi wa kwanza baada yake nilikuta kimya. Nilirudi Nyalenda nikakuta jina langu limeondoka. Mama mkwe, aliyekuwa akiniita nyar Seme, binti wa Seme, tangu siku ya kwanza, sasa aliniita mama wa fulani. Muuza mboga vile vile, mwenye nyumba vile vile, hata mwenye kinyozi niliyemchorea ukuta. Walinipa jina hilo kwa heshima na nililipokea kwa heshima, lakini usiku, mtoto akiwa ananyonya kwa mara ya tano, nilijiuliza yule aliyekuwa anashika brashi ameitwa nani na nani atamwita tena. Picha zangu zilikuwa bado zimegeukia ukuta. Nilikuwa nikizipita kwenda kuchota maji na sikunyoosha mkono.

Nililia siku ya tatu, ya nne, ya tano. Wanawake waliniambia ni kawaida, na ni kweli ni kawaida. Maziwa yakiingia machozi nayo huja, na kwa wengi hupita kabla ya wiki mbili kwisha. Yangu hayakupita. Wiki ya tano nilikuwa naangalia dari mtoto akilia na nilihisi kilio kinatoka nyumba ya jirani. Nilimpenda, na nilijua nampenda, lakini kama mtu anavyojua jina la mto asiouona.

Tulipokwenda kwa chanjo ya wiki 6, baada ya mtoto kudungwa, muuguzi mwingine, si yule wangu, alifunga kijitabu akaniuliza, “Na wewe mama, unalala? Unakula? Kuna kitu kinakufurahisha?” Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali la tatu. Nilishindwa kujibu. Akaita mwenzake amshike mtoto, akanipeleka chumba cha ushauri siku hiyo hiyo, na nikarudi kila wiki kwa muda. Ilibidi mume wangu aambiwe, na alipoambiwa alikaa kimya kisha akaanza kuamka yeye saa tisa usiku. Shangazi yangu alikuja akawa anamchukua mtoto kwa saa mbili kila mchana, akinipa uji wa mtama wenye ndimu na amri ya kulala.

Nataka hili lisomeke vizuri, kwa sababu najua jinsi watu wanavyopenda kusema sanaa huponya. Rangi haikuniponya. Usingizi uliniponya, na kuulizwa, na mshauri, na uji wa shangazi. Dada aliye gizani baada ya kuzaa asiambiwe akachore. Apelekwe kliniki, ashikiwe mtoto. Kuchora kulirudi baadaye, wakati tayari nilikuwa na nguvu ya kutamani kitu.

Kulirudi kwa mkaa. Kwenye yale mazungumzo nilifahamishwa kwamba mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na kwamba jicho lake hukamata kwanza weusi na weupe vilivyoachana wazi. Nilichukua utepe wangu. Kutoka ziwa langu hadi uso wangu, mtoto akiwa ananyonya, ni sentimita 26. Alikuwa amewekwa pale pale anapoweza kuona. Wiki zote zile nilizodhani simfikii, yeye alikuwa ananitazama.

Siku hiyo nilichana boksi la unga, nikatoa kipande cha mkaa kwenye jiko, nikachora mistari minene, kisha duara, kisha duara lenye madoa mawili. Nikamshikia karibu. Akaacha kurusha mikono. Macho yake yalisimama kwenye duara, yakakaa, yakakaa. Sijawahi kupata mtazamaji wa namna hiyo, na nimeonyesha kazi zangu mahali kadhaa.

Nilichora kwenye maboksi kwa miezi. Turubai ilikuwa ghali na mkono mmoja ulikuwa na kazi. Nilikuwa namkumbuka Rosemary Karuga, mchoraji wetu aliyesomea Makerere miaka ya hamsini ya mwanzo, akafundisha na kulea kwa miaka mingi, kisha uzeeni akatengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi za kufungia sabuni ya Rexona na mifuko ya unga kwa sababu vifaa vingine hakuwa navyo. Zamani nilimsoma kama habari ya umaskini. Sasa nilimsoma kama mama aliyejua nyumba yake ina nini ndani. Mkaa, boksi, mkono wa kushoto, dakika kumi. Nilimchora kwa umbali ule ule wa sentimita 26, kwa hiyo hakuna picha yenye mtoto mzima. Kuna sikio na mkunjo wa shingo, kuna kope, kuna ngumi juu ya ziwa. Mimba niliichora kama upeo wa mbali. Mtoto alikuja akawa karibu mno kuweza kuonekana wote.

Mama alirudi binti yangu akiwa na miezi minne. Zile picha za odowa nilikuwa nimezigeuza tena zitazame chumba, zote, kuanzia ya 28 hadi ile ndogo ya 35. Alimpakata mjukuu akasimama mbele ya picha hizo mahali pale pale aliposimama mara ya kwanza. Nilisubiri.

Akanyoosha kidole hadi ile ya 33, akagusa chini kidogo ya matiti.

“Hapa pana kosa,” akasema. “Huyu hana leso.”

“Nilikuwa nimevaa dera, mama.”

“Mimi nilikuwa nafunga fundo hapa. Kila nikiangalia chini nilikuwa naona fundo kwanza. Na wewe, na yule aliyekutangulia.”

Sikuwahi kusikia kuhusu aliyenitangulia. Mama alisema maneno hayo akiwa anambembeleza mtoto, hakubadilisha sauti, na alipomaliza aliendelea kumpigapiga mgongoni. Kisha, taratibu, akiwa bado anatazama picha wala si mimi, akanieleza: miezi saba, msimu wa mvua za masika, mashine ya kusagia iko mbali, na kwamba hakuna aliyelitamka jambo hilo tena kwa sababu lilikuwa halijatamkwa hata mwanzo. Leso ilikuwa ya kahawia na nyeupe. Aliifunga tena kwa mimba yangu kwa sababu hakuwa na nyingine.

Nilitengeneza odowa mpya. Sikununua kipande kimoja zaidi ya kilichohitajika, na mama ndiye aliyekichuja. Juu ya ile ya sentimita 33 niliongeza fundo, kahawia na nyeupe, pale alipoweka kidole, na yeye alikaa nyuma yangu akinielekeza: kubwa zaidi, kaza, ncha moja iangukie kushoto.

Alikwenda nayo Seme ikiwa imefungwa kwa gazeti na shuka. Nilidhani ataiweka sebuleni, penye picha ya harusi na kalenda ya kanisa. Tulipomtembelea Desemba sikuiona, na sikuuliza. Jioni alinituma chumbani kwake nimletee mto. Ilikuwa juu ya kitanda chake, upande anaolalia, mahali ambapo mgeni hafiki, na haikuwa imegeukia ukuta.